Mtaro Shingoni mwa Rasi

Filemoni alikuwa akiliita lile eneo kisiwa, nami nilikuwa nikigombana naye kila mara. Kisiwa kimezungukwa na maji pande zote, ukitaka kufika huna budi kutafuta mtumbwi. Eneo lile lilikuwa rasi. Mto Mara uliligusa pande tatu, upande wa nne lilishikana na Kerende yetu, na uliingia kwa miguu yako mwenyewe ukiwa na malapa. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini hilo silisahau kwa sababu lilinipatia viboko. Niliandika kwamba Ukerewe ni rasi na Majita ni kisiwa, kumbe ni kinyume. Tangu hapo mtu akivichanganya mbele yangu damu inanichemka.

Sikatai kwamba rasi za vitabuni ni kubwa. Zimeingia baharini au ziwani, na juu yake watu wamejenga miji. Hii yetu ilikuwa ya mtoni, mdogo wao wa mwisho. Mto ukifika karibu na kwetu haunyooki. Unajipinda kuelekea upande wa wilaya ya Serengeti, unazunguka huko, halafu unarudi karibu kabisa na pale ulipoanzia kujipinda. Nchi iliyobaki katikati ndiyo tuliyoiita Ulimi. Ni malisho mazuri, na kwenye ncha yake mahindi yanastawi bila mbolea.

Kilima unakijua kwa kupanda, bonde unalijua kwa kuteremka. Rasi unaweza kuitembea mchana kutwa usijue uko juu ya nini, mpaka ufike kwenye shingo, ile sehemu nyembamba inayoishikisha na bara. Pale Ulimi, ukisimama katikati ya shingo ulisikia mto kwa masikio yote mawili. Rasi yenyewe ni ile shingo. Hayo nilimweleza Filemoni mara nyingi, naye akanijibu kwamba mimi mama Gati nina mdomo kuliko redio.

Mwenye Ulimi alikuwa jirani yangu Waisiko. Alifiwa na mumewe, mzee Werema, kabla hawajapata mtoto. Kwetu Wakurya mwanamke wa namna hiyo haachi jina la mume lipotee. Alitoa ng'ombe zizini, akawapeleka Itiryo, akamwoa binti anayeitwa Boke. Nikisema akamwoa, nina maana hiyo hiyo. Boke akizaa, mtoto ni wa nyumba ya marehemu, na kwetu hakuna anayeuliza zaidi. Boke akazaa mtoto wa kiume, akapewa jina la Werema, na Waisiko akawa anamwita mume wangu. Asubuhi utamsikia akiuliza, "Mume wangu ameamka?" Ukienda kumwazima ungo anakuambia, "Ngoja kwanza, mume wangu amenikojolea." Tulicheka sana nyumba ile.

Filemoni hakucheka. Yeye ni mdogo wa marehemu, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, na sauti ya upole inaudhi zaidi ikitumika kusema mabaya. Kwenye kikao cha ukoo alisema kwamba nyumba ya wanawake wawili inasimama kwa ng'ombe. Siku ng'ombe wakiisha, huyo binti wa Itiryo arudi kwao, na Ulimi urudi kwa ukoo. Wazee hawakukubali wala hawakumkemea. Waisiko alitema mate chini akaondoka. Boke ndiye aliyekuwa akiwagawia uji, na alisikia kila neno. Tangu siku ile niliona anavyowahesabu ng'ombe jioni, anawapitia kwa macho, akimaliza anaanza upya.

Sasa mniruhusu niseme kwa nini Waisiko aliweka ng'ombe wote mahali pamoja. Huku kwetu wizi wa ng'ombe si hadithi ya zamani. Na rasi ina sifa moja kubwa: mlango wake ni mmoja. Kisiwa unakifikia kutoka upande wowote ukiwa na chombo, na uwanda unauingia kutoka popote. Ulimi ulilindwa na mamba na viboko pande tatu, bila mshahara. Kilichobaki ni kuilinda shingo. Waisiko aliweka boma la miiba pale, kiboko akalibomoa. Akaweka jingine, na wezi wakapita humo humo wakaondoka na dume na mitamba kadhaa.

Hapo ndipo alipoamua kuchimba mtaro. Mwizi anaweza kuruka mtaro, lakini ng'ombe aliyeibwa hawezi. Nyamongo hakukosi vijana wa machimbo waliokosa kazi, wenye sululu na makoleo yao, na vijana wale wakichimba wanachimba kweli. Walikata shingo kutoka karibu na ukingo wa juu hadi karibu na ukingo wa chini, mtaro wenye kina cha kumzidi mtu. Kila mwisho waliacha ukuta wa udongo, mto usiingie. Juu ya mtaro zikawekwa mbao nene za kupitia. Jioni, ng'ombe wakishafungiwa zizini huko Ulimi, Waisiko na Boke walizivuta mbao upande huu wakaja kulala.

Wote tulimsifu. Hata Filemoni alikuja kuutazama, akasema kimya kimya kwamba shemeji yake ana akili. Aliyeuliza swali alikuwa Boke peke yake.

"Mama, mto ukijaa itakuwaje?"

"Mto huu bibi yangu aliukuta unazunguka, na utaendelea kuzunguka," Waisiko alimjibu. "Hauna haraka ya kwenda popote."

Wezi hawakurudi. Lakini viboko wana njia zao, na ule ukuta wa juu ulikuwa mahali pao pa kupandia kwenda kulisha. Walipita hapo wakapita tena, mpaka ukuta ukawa na kijia katikati, laini na cha chini. Boke alimwonyesha Waisiko. Wakakubaliana wataujaza udongo mavuno yakiisha.

Mavuno hayakusubiriwa. Siku hiyo jua lilikuwa kali Kerende, hakuna wingu hata la kuazima. Mimi na Waisiko tulikuwa soko la Nyamongo, mimi na ndizi zangu, yeye na maziwa yake ya mgando. Boke alibaki akipalilia huko kwenye ncha, mtoto mgongoni. Mto Mara unatoka milima ya Kenya, na mvua ikinyesha huko sisi tunapata maji yake bila kuona tone. Jambo hilo tunalijua wote. Kulijua na kulikumbuka ukiwa sokoni na wateja wamekuzunguka ni vitu viwili.

Simu ya Waisiko iliita. Alikuwa anampimia mtu maziwa, akaibana simu kwa bega, nami nikaisikia sauti ya Boke.

"Mama, niko shingoni. Maji yameingia mtaroni."

"Mengi?"

"Yanatembea."

Waisiko aliweka kibuyu chini. Nadhani alipiga picha ya mtaro ule kichwani, na mbao, na ng'ombe walioko mbali kwenye malisho, akaona muda upo. Akasema, "Watoe ng'ombe. Watoe haraka, nakuja."

Nilimshika mkono nikamwambia amwambie Boke atoke yeye kwanza. Akapiga tena. Simu haikupokelewa. Boke alikuwa ameshageuka nyuma kukimbilia ng'ombe.

Tulipanda pikipiki moja sote wawili, na kijana akaendesha bila kutuuliza nauli. Njia nzima Waisiko alikuwa akibonyeza simu ile ile na kuiweka sikioni. Alinong'ona mara moja tu. "Nimemwambia atoe ng'ombe," alisema. "Mama Gati, nimewataja ng'ombe kabla ya mtoto."

Tuliyoyakuta sitayasahau. Mto ambao siku zote ulizunguka safari ndefu kuupita Ulimi ulikuwa umeonyeshwa njia ya mkato. Maji yaliingia kwa pale viboko walipotengeneza njia, yakashuka mtaroni kwa kasi, na ule ukuta wa chini ulikuwa umekwenda zamani. Mbao hazikuwepo. Kingo zilikuwa zikimeguka, mapande ya udongo yenye nyasi zake bado zimesimama, yanainama, yanaingia majini. Mtaro uliokuwa wa mtu kuruka ulikuwa umefikia upana wa nyumba.

Na ng'ambo ya pili alisimama Boke. Mtoto alikuwa mgongoni, kanga imelowa jasho, fimbo mkononi. Nyuma yake walisongamana ng'ombe, kundi zima.

"Mama," aliita. Sauti yake ilitufikia juu ya maji. "Nimewaleta wote."

Waisiko aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Filemoni alifika akikimbia, na nyuma yake vijana watatu wanne wa machimbo waliokuwa wakipita na kamba yao ya kushukia shimoni. Nikiri kwamba nilipomwona nilidhani amekuja kutazama urithi wake. Lakini alivua shati, akafunga jiwe kwenye ncha ya kamba, akairusha. Ikaanguka majini. Akaivuta, akairusha tena, na safari hii ikaangukia miguuni pa Boke.

"Jifunge kiunoni," Filemoni alimwambia. "Mtoto mpandishe juu, shingoni."

Boke aliiokota kamba. Akageuka, akamfunga nayo kwenye pembe ng'ombe mweusi aliyekuwa mbele ya kundi, yule ambaye Waisiko alimwita Bibi Harusi kwa sababu ya maringo yake.

"Mura, huyu ana wazimu," kijana mmoja alimwambia kijana mwenzake.

"Boke, kamba ni yako," Waisiko aliita. "Ifungue ujifunge mwenyewe."

"Ng'ombe kwanza, mama. Huyu akivuka wengine watamfuata."

"Waache."

"Wakiisha nitarudishwa Itiryo." Boke alikuwa analia sasa, lakini maneno yalitoka wazi. "Mimi na huyu mtoto. Filemoni alisema mbele ya wazee, na hakuna aliyemjibu."

Kipande cha ukingo kikaanguka upande wake, ng'ombe wakarudi nyuma wakikanyagana. Filemoni alikuwa amesimama nasi, kamba mkononi, na wote tukamtazama. Sijawahi kumwona mtu akitamani ardhi immeze kama yeye dakika ile, na ardhi yenyewe ilikuwa tayari kabisa kumeza mtu.

Waisiko aliondoa mikono mdomoni. "Nisikilize," alisema. "Watu wote hapa wanisikilize. Nilitoa ng'ombe ili nikupate wewe, Boke. Sikukuleta wewe ili unilindie ng'ombe. Wakifa wote leo, wewe ni nyumba yangu, na huyo mgongoni ndiye mume wangu. Nilikosea kwenye simu. Nilikosea kwenye mtaro, ukaniambia sikusikia. Sasa nisikie wewe." Kisha akamgeukia Filemoni. "Na wewe sema."

Filemoni akasogea ukingoni. Alikuwa hajawahi kumwita Boke kwa jina la ujamaa hata siku moja, kwake alikuwa huyo binti wa Itiryo basi. "Njoo, shemeji," alisema. Halafu akarudia kwa nguvu ili maji yasimzidi. "Njoo. Hakuna atakayekurudisha."

Boke aliinama kufungua kamba kwenye pembe za Bibi Harusi. Lile fundo lilikuwa limelowa na ng'ombe alikuwa akirusha kichwa. Nyuma ya Boke nikaona ufa umechoreka kwenye nyasi, mstari mweusi unaotoka ukingo hadi ukingo. Waisiko naye aliuona.

"Acha fundo," alisema. "Mpandishe mtoto. Shika mkia wa Bibi Harusi usiuachie. Mimi nitamwita."

Boke alimpandisha Werema mpaka miguu yake ikakaa mabegani, akakaza kanga kifuani mara mbili, akazungusha mkia wa ng'ombe kwenye kiganja. Waisiko akaenda mpaka mwisho wa ukingo. Akaanza kumwita Bibi Harusi kwa ile sauti ya kukamulia, ya chini, ya kubembeleza, ambayo mimi niliisikia kila alfajiri nilipokwenda zizini kwake kuchukua maziwa. Kelele za maji zilikuwa kubwa, mimi niliyekuwa pembeni yake sikuisikia vizuri. Ng'ombe aliisikia. Alisimamisha masikio, akanusa maji, akaingia.

Walizama wote, ng'ombe, Boke na mtoto. Kilichobaki juu ni kamba, na kamba ilikaza mpaka ikatoa maji. Vijana wakavuta. Pua ya Bibi Harusi ikaibuka, kisha pembe, kisha mbali nyuma yake kichwa cha Boke, na juu ya kichwa cha Boke mikono midogo miwili imeshika nywele. Maji yaliwasukuma kuelekea chini, kule mtaro unakoingia tena mtoni, na mtu akifika huko hatupati hata kanga yake. Vijana walikimbia na kamba ukingoni. Waisiko alikimbia nao akiita, hakuacha kuita. Ukingo ukameguka chini ya miguu yake. Filemoni alimdaka gauni mgongoni, akaangukia tumbo, akamshikilia hivyo hivyo akining'inia, na Waisiko aliendelea kumwita ng'ombe kwa sauti ile ile kana kwamba yuko zizini.

Kwato za Bibi Harusi zilipata ardhi mahali ukingo ulipokuwa umeporomoka na kufanya mteremko. Alijikongoja, akapanda, akamburuta Boke tumboni kwenye matope. Mkono wa Boke ulikuwa umekaza mkia hata tukalazimika kumfungua vidole kimoja kimoja. Mtoto hakulia. Nilimfungua kanga mimi, nikamlaza kifudifudi kwenye paja, nikampiga mgongoni. Waisiko alikuja kwa magoti. Akamchukua kutoka kwangu, akamnyonya maji puani, akatema, akamnyonya tena. Werema akakohoa. Kisha akalia kwa hasira, na sisi wote tukaanza kulia pamoja naye, hata wale vijana wa machimbo.

"Mume wangu," Waisiko alisema. Aliyarudia maneno hayo sijui mara ngapi.

Baadhi ya ng'ombe walimfuata Bibi Harusi na kuvuka. Wengine mto uliwachukua mbele ya macho yetu. Waliobaki walirudi kwenye malisho yao huko Ulimi wakaendelea kula kama hakuna lililotokea. Kabla jua halijatua, ile ardhi yenye ufa iliondoka yote, na shingo haikuwepo tena. Filemoni alisimama karibu yangu. Nilisubiri aseme kisiwa, maana sasa kilikuwa kisiwa kweli na mimi nisingekuwa na la kumbishia. Akaokota shati lake akalivaa.

Kisiwa chenyewe hakikudumu. Rasi ya baharini inaweza kukaa hapo wajukuu wa wajukuu wakaikuta, lakini ya mtoni ina umri. Mto ulipozoea njia mpya iliyonyooka uliiacha ile ya kuzunguka, na kiangazi kilipokuja mzingo wa zamani ukawa dimbwi refu la matete, kisha tope, kisha nyasi. Leo unaweza kwenda Ulimi kwa miguu ukiwa na malapa, ila lazima uwe unatoka Serengeti. Ng'ombe waliobaki walitoka kwa njia hiyo. Waungwana wa ng'ambo wakaturudishia wachache, wengine sijui waliko. Juzi niliona mtu amelima pale palipokuwa mahindi ya Boke. Sisi tunamtazama kutoka huku, na maji yote ya Mara yanapita katikati yetu.

Waisiko amezeeka mwaka huu. Hazungumzii mtaro, na hakuna anayemtajia.

Mwezi uliopita baba yake Boke alikuja kutoka Itiryo. Alikuwa amesikia kwamba malisho yamekwenda na zizi limebaki na ng'ombe wa kuwataja kwa majina. Tulimwamkia shikamoo, akapewa kiti na uji. Filemoni naye aliitwa, kwa kuwa ndiye mwanamume wa nyumba ile. Mzee alisema kwa heshima kwamba hakuja kudai wala kulaumu. Amekuja kumchukua binti yake na mjukuu wake, kwa sababu nyumba iliyomwoa haina tena pa kusimama, na kwamba ukoo wenyewe uliwahi kusema hivyo.

Waisiko alikuwa anatazama mikono yake. Nilimtazama Filemoni, na naapa kama asingefungua kinywa ningemfungulia mimi.

"Nilisema hivyo," Filemoni alisema. "Halafu nikasema vingine pale mtoni, na hivyo ndivyo vya mwisho."

Mzee aligeuka kumtazama binti yake. Boke alikuwa mlangoni, Werema ameshika gauni lake, ndoo ya kukamulia mkononi.

"Mto ndio uliohama, tata," alimwambia baba yake. "Mimi sijahama."

Akatoka kwenda zizini. Tukamsikia akimwita Bibi Harusi, kwa sauti ile ile ya chini, na Waisiko akainuka kitini akaenda kumshikia ndama.